Vipimo vya Candiru

Kifua, themanini na sita.
Kiuno, sitini na tisa.
Urefu: "Chini ya goti, shangazi, wasipate pa kushika."
Nikaandika kwa chaki juu ya meza,
maana daftari lilikuwa limejaa
sare za shule, kanzu za Idi,
na magauni ya wasimamizi wa harusi
yenye rangi asizozipenda hata bibi harusi.

Akanionyesha simu iliyopasuka kioo.
Ndani ya ufa, msichana wa Kijapani
amesimama njia panda kama keki iliyopotea:
marinda matatu, utepe shingoni,
kofia yenye masikio ya sungura.
"Wenyewe wanaita kawaii," akasema,
akilivuta lile neno mwishoni
kama mtu anayevuta uzi na hataki ukatike.

Nilicheka. Nakiri.
Miaka kumi na tisa nashona hapa Arua,
nimeshona hata bitana ya jeneza, usiku, kwa kibatari,
na hakuna aliyewahi kuniagiza masikio.

Lesi tuliitoa kwenye pazia la mtumba.
Lilikuwa na doa la chai. Doa tukalifunika kwa stroberi,
tunda ambalo sijawahi kulionja,
nikalitarizi kwa kukisia
likatoka kama nyanya yenye haya.
Akalibusu.

Siku ya kwanza alilivaa kazini,
kwenye kibanda cha kutuma pesa
mkabala na malori yaendayo Ariwara.
Vijana wa bodaboda wakapiga honi.
Muuza mihogo akauliza hilo ni kanisa gani.
Mzee mmoja, akihesabu noti zake mara ya tatu:
"Binti, umeolewa au umeugua?"
Naye akampa risiti
yenye kibandiko cha paka aliyelala.

Mama yake alikuja kwangu, si kwake.
Akatua kikapu kama anayefungua kesi.
"Ana miaka ishirini na mitatu. Wenzake wana watoto.
Wewe unamvisha kama mtoto."

Candiru alikuwa nyuma ya pazia, akijaribu mkono wa kushoto.
Akatoka na pini mdomoni.
Akazitoa, moja, moja, moja,
ndipo akasema:
"Mama, nikiwa na miaka saba Ezama alikuwa mgongoni kwangu.
Nikiwa na tisa, Ezama mkononi, Onzia mgongoni,
na dumu kichwani.
Utoto wangu ulikopwa. Sidai riba.
Najilipa kidogo kidogo, kwa mita."

(Kwa asiyejua Kilugbara:
Candiru ni dhiki.
Alizaliwa mwaka ambao baba alivuka mpaka kutafuta kazi
na mama hakuwa na pa kuiandika habari hiyo
ila juu ya mtoto.)

Kimya.
Mama akashika ukingo wa rinda,
akausugua kati ya vidole kama anayeonja unga.
"Hili litashika vumbi."
"Litafuliwa."
"Kwa maji aliyoteka nani?"
Hapo wakacheka, wote wawili, kicheko kimoja,
na mimi mwenye duka nikawa mgeni.

Tangu hapo wamekuja wengine.
Mwanafunzi wa ukunga ataka mfuko wenye sura ya dubu
wa kuwekea saa ya kuhesabia mapigo.
Dada wawili wa Oli, Waislamu,
wamenunua ushungi wa waridi, wataka mawingu pembeni.
Siulizi tena ni ya nini.
Nauliza tu mawingu ya mvua au ya kiangazi,
nao hunijibu kwa makini sana,
kama watu walioulizwa jina lao kwa mara ya kwanza.

Mimi nina hamsini na mmoja.
Jana, baada ya kufunga mlango,
vumbi jekundu likiwa bado linapita chini yake,
nilichukua utepe wa kupimia, nikajizungushia.
Kichwa, hamsini na sita.
Nikaandika kwa chaki.
Nikafuta.
Nikatafuta kalamu.